Udogo wa fuvu si upungufu wa akili

SIFA zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemuumba mwanadamu mume na mke, akawajaalia wote wawili masikio, macho na nyoyo za kufahamia. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ndugu msomaji, katika mitaa ya Moshono, mashariki ya jiji la Arusha, kama ilivyo katika sehemu nyingi za nchi yetu, lipo neno moja linalotamkwa kwa wepesi lakini linaloacha matokeo mazito. Husemwa kwamba mwanamke ameumbwa na ubongo mdogo, na kwa hiyo akili yake ni pungufu. Hapo zamani neno hilo lilisemwa kwa mazoea tu. Siku hizi huvikwa joho la sayansi, kwa maelezo kwamba wataalamu wamepima wakaona, na baadhi yetu humalizia kwa kutaja hadithi ya Mtume (S.A.W.), mjadala ukafungwa.

Uzito wa neno hili huonekana pale mzazi mwenye kipato kidogo anapoamua ni mtoto yupi ataendelea na masomo. Ni kweli kwamba ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali ilifutwa kuanzia mwaka 2016, na ile ya kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Lakini sare, nauli, chakula, vitabu na masomo ya ziada bado vinadai fedha. Zaidi ya fedha, upo muda: nani atakaa na daftari jioni, na nani atachota maji, atakata majani ya ng'ombe na kuosha vyombo. Mzazi akishaamini kwamba kichwa cha binti hakina nafasi ya hisabati na fizikia, uamuzi huwa umekwisha kupitishwa hata kabla binti hajaufungua mtihani.

Kwa hiyo tumeona ni wajibu tulitazame jambo hili kwa utulivu: mizani inasema nini hasa, nani aliwahi kuitumia hapa kwetu Afrika Mashariki na kwa madhumuni gani, na dini yetu inafundisha nini. Hatutaficha ukweli wowote, hata ule unaoonekana kuwapendeza wenye kauli hiyo, kwani haki haihitaji kusaidiwa na uongo.

Mizani inasema nini

Kwanza, ni kweli kwamba kwa wastani ubongo wa mwanamume ni mkubwa kuliko wa mwanamke. Tofauti hiyo ni kiasi cha asilimia 10 hadi 11, nayo imeonekana katika nchi nyingi na kwa vipimo vya aina mbalimbali. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliofanyika Uingereza kwa kupiga picha za ubongo za watu 5,216, wanawake kwa wanaume, na matokeo yake yalikuwa hayo hayo. Sehemu ya tofauti hii inatokana na ukubwa wa mwili. Mwanamume kwa wastani ni mrefu na mzito zaidi. Moyo wake ni mkubwa zaidi, mapafu yake ni makubwa zaidi, na ubongo wake vilevile. Urefu ukihesabiwa, tofauti hupungua, ingawa haiishi yote.

Lakini neno "wastani" lina mtego ndani yake. Wastani haumwambii mtu lolote juu ya binti yake mwenyewe. Wapo wanawake wengi wenye ubongo mkubwa kuliko wanaume wengi, kama walivyo wanawake wengi warefu kuliko wanaume wengi. Anayesema kwamba kijana huyu ana akili kuliko dada yake kwa sababu ni wa kiume ni sawa na anayehukumu urefu wa watu wawili bila ya kuwasimamisha pamoja.

Pili, tuulize: je, ubongo mkubwa ndio akili nyingi? Lau ingekuwa hivyo, tembo mwenye ubongo wa takriban kilo 5 angekuwa mwalimu wetu, na nyangumi mkubwa wa baharini mwenye ubongo wa takriban kilo 8 angekuwa mwalimu wa tembo. Miongoni mwa wanadamu wenyewe, mwandishi wa Kirusi Ivan Turgenev alipofariki dunia ubongo wake ulipimwa ukapita gramu 2,000. Wa mwandishi wa Kifaransa Anatole France, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1921, ulikuwa karibu na gramu 1,017 tu, yaani nusu ya ule wa mwenzake. Na ule wa Albert Einstein, ambaye jina lake limekuwa mfano wa akili duniani kote, ulikuwa na gramu 1,230, chini ya wastani wa wanaume.

Ipo hesabu ya uangalifu zaidi kuliko mifano ya watu mashuhuri. Mwaka 2015 watafiti walikusanya pamoja tafiti 88, zenye watu zaidi ya 8,000, ili waone uhusiano wa ukubwa wa ubongo na alama za vipimo vya akili. Waliukuta uhusiano huo, lakini ni dhaifu: ukubwa wa ubongo ulieleza kiasi cha asilimia 6 tu ya tofauti za alama baina ya watu. Sehemu 94 zilizobaki katika kila 100 zinatokana na mambo mengine. Ikiwa mzazi anataka kubashiri mustakabali wa mwanawe, kupima kichapo cha uzi kuzunguka kichwa ni njia mbovu kabisa ya kufanya hivyo.

Tatu, zinapopimwa akili zenyewe badala ya mafuvu, tofauti ya wastani baina ya wanaume na wanawake katika uwezo wa jumla ama haipo ama ni ndogo mno. Mtafiti wa Marekani Janet Hyde alichapisha mwaka 2005 mapitio ya tafiti jumuishi 46 juu ya tofauti za jinsia, akakuta kwamba asilimia 78 ya tofauti hizo zilikuwa ndogo au zinakaribia sifuri. Zipo chache zilizo dhahiri. Wanaume kwa wastani hupata alama zaidi katika kuligeuza umbo akilini na kulitazama kwa upande mwingine. Wanawake kwa wastani hutangulia katika ufasaha wa maneno na katika kukumbuka matukio. Hakuna upande uliopewa kila kitu, wala upande ulionyimwa kila kitu.

Huenda msomaji akauliza: inakuwaje chombo kidogo kifanye kazi ile ile? Jibu ni kwamba ubongo haufanyi kazi kwa uzito, bali kwa mpangilio. Katika ubongo wa mwanamke, kwa wastani, gamba la nje ni nene kidogo zaidi, na sehemu ya kijivu, ambamo vimo viini vya chembe za neva, huchukua nafasi kubwa zaidi kwa kulinganisha na ubongo mzima. Ubongo mkubwa huhitaji nyuzi ndefu zaidi za kuunganisha sehemu zake, kama mji mkubwa unavyohitaji barabara ndefu zaidi, na urefu wa barabara si wingi wa bidhaa sokoni. Mapitio ya tafiti za miongo mitatu yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionesha kwamba ukubwa ukishaondolewa katika hesabu, jinsia hueleza kiasi cha asilimia 1 tu ya tofauti za maumbile ya ubongo baina ya mtu na mtu.

Mizani ile ile iliwahi kutupima sisi

Ndugu msomaji, hapa ndipo tunapokuomba usimame kidogo, kwani historia ya mizani hii haikuishia kwa wanawake.

Katika karne ya 19 daktari wa Kifaransa Paul Broca alitumia kumbukumbu za hospitali za Paris: bongo 292 za wanaume, wastani gramu 1,325, na bongo 140 za wanawake, wastani gramu 1,144. Tofauti ilikuwa gramu 181. Broca alifahamu kwamba mwili mdogo huwa na ubongo mdogo, lakini hakujishughulisha kuipima athari hiyo, kwani alikwisha kuamini tangu mwanzo kwamba mwanamke ni mpungufu wa akili. Mfuasi wa mtazamo huo, Gustave Le Bon, aliandika mwaka 1879 kwamba bongo za wanawake wengi zinakaribiana na za masokwe. Na watu hao hao, kwa mizani hiyo hiyo, waliwaweka Waafrika chini ya Wazungu.

Mizani hiyo ilifika Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1930 mjini Nairobi, daktari H. L. Gordon, aliyehudumu katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, alipima mafuvu ya Waafrika na kutangaza kwamba wamezaliwa na akili iliyodumaa. Mwenzake F. W. Vint alipima bongo 100 za wanaume Waafrika watu wazima waliofariki dunia, na mwaka 1934 akachapisha matokeo yake: wastani wa gramu 1,276, dhidi ya gramu 1,428 alizozitaja kuwa ni wastani wa Wazungu. Mwaka 1933 kilikwisha kuanzishwa huko Nairobi chama cha walowezi na madaktari kwa ajili ya kuendeleza fikra hizo. Hoja yao ilikwenda mbali: kwamba kumpa Mwafrika elimu ya Kizungu ni kumtwika mzigo ambao ubongo wake hauwezi kuubeba. Waliomba fedha kutoka London ili wauendeleze utafiti wao, na serikali ya Uingereza haikuwapa. Hata hivyo fikra hazikufa. Mwaka 1953 J. C. Carothers, naye aliyekuwa daktari wa Mathari, aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani akimlinganisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo.

Sasa tufanye hesabu. Kutoka gramu 1,428 hadi 1,276 pengo ni gramu 152, yaani asilimia 10 na ushei. Hilo ni karibu sawa kabisa na pengo linalotajwa leo baina ya wanaume na wanawake. Baba wa Moshono anayemwambia binti yake kwamba ubongo wake ni mdogo kwa asilimia 10 na kwa hiyo asijisumbue na sayansi, anatumia hoja ile ile, kwa kipimo kile kile, iliyotumiwa kumwambia babu yake asijisumbue na shule. Ikiwa ni sahihi kwa binti, ilikuwa sahihi kwa babu. Na ikiwa ilikuwa batili kwa babu, haiwezi ikageuka ikawa halali kwa binti.

Nayo kwa babu ilikuwa batili. Uzito wa ubongo uliotolewa kwa maiti hubadilika kwa umri, kwa lishe, kwa maradhi yaliyomuua mtu na kwa namna ulivyohifadhiwa. Kulinganisha makundi mawili yaliyopimwa mahali tofauti, kwa mikono tofauti, ni kujidanganya. Na wakati walowezi wa Nairobi wanaandika hayo, Makerere ilikuwa imekwisha kuanza kufundisha Waafrika udaktari tangu miaka ya 1920. Kutoka huko ndiko alikopatikana Dakta Vedasto Kyaruzi, aliyekuwa rais wa TAA mwaka 1950, chama kilichozaa TANU. Walioambiwa hawawezi waliweza, mara tu mlango ulipofunguliwa.

Alikuwapo pia mwanamke aliyeijibu mizani hiyo kwa hesabu. Mwingereza Alice Lee, mwanzoni mwa karne ya 20, alikadiria ujazo wa mafuvu ya wataalamu wa anatomia waliokutana Dublin mwaka 1898 pamoja na ya wanafunzi wa kike wa chuo kimoja cha London. Baadhi ya wataalamu hao mashuhuri walionekana kuwa na vichwa vidogo kuliko vya mabinti hao. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa wataalamu hao kushikilia kwamba ukubwa wa fuvu ndio kipimo cha akili.

Tofauti zinazotengenezwa na malezi

Atakayesema kwamba mbona wavulana wetu wanaonekana kutangulia katika hisabati, atakuwa ametaja jambo la kweli linalohitaji maelezo. Katika upimaji wa SACMEQ, unaolinganisha wanafunzi wa shule za msingi wa nchi za kusini na mashariki mwa Afrika, wavulana wa Tanzania walipata wastani wa juu kuliko wasichana katika hisabati mwaka 2007. Lakini katika upimaji huo huo, huko Shelisheli, wasichana ndio waliowaacha wavulana. Ingekuwa sababu ni ukubwa wa ubongo, basi matokeo yangeelekea upande mmoja katika nchi zote. Fuvu la msichana wa Shelisheli halikuumbwa kwa udongo mwingine.

Upo mfano ulio karibu nasi zaidi. Watafiti Uri Gneezy, Kenneth Leonard na John List walichapisha mwaka 2009 jaribio walilolifanya kwa Wamaasai wa Tanzania na kwa Wakhasi wa kaskazini mashariki mwa India, ambao kwao urithi hupita kwa mabinti. Kila mtu alitakiwa kurusha mpira wa tenisi ndani ya ndoo iliyo umbali wa mita 3, mara 10. Aliweza kuchagua ama alipwe kwa kila mpira ulioingia, ama ashindane na mtu asiyemjua na akimshinda alipwe mara 3. Kwa Wamaasai, nusu ya wanaume walichagua kushindana, na kwa wanawake ilikuwa asilimia 26 tu. Kwa Wakhasi mambo yaligeuka: asilimia 54 ya wanawake walichagua kushindana, na asilimia 39 ya wanaume. Ujasiri wa kuingia katika ushindani, ambao wengi wetu hudhani ni wa kiume kwa maumbile, ulifuata namna jamii inavyowalea na kuwarithisha watoto wake.

Mwaka 2011 ulifuata utafiti mwingine huko huko India, wenye watu karibu 1,300, uliopima uwezo wa kupanga vipande vya fumbo kwa haraka. Kwa jamii ambayo mali ni ya wanaume, wanaume walikuwa wepesi zaidi. Kwa Wakhasi, majirani zao wenye asili na chakula kinachofanana, tofauti hiyo haikuonekana.

Hapa mkoani Arusha kwenyewe, kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, utafiti wa mwaka 2021 uliofuatilia nyendo za watu kwa vifaa vya satelaiti ulionesha kwamba wanaume husafiri mbali zaidi kwa siku na kupita katika ardhi pana zaidi kuliko wanawake. Mwenye kutembea sana hujifunza njia nyingi. Hatusemi kwamba maumbile hayana sehemu yoyote. Tunasema kwamba mazoezi yana sehemu kubwa ambayo wenye kupima mafuvu huisahau. Mama anayeuza ndizi katika soko la Tengeru siku ya Jumatano au Jumamosi hupiga hesabu ya mtaji, nauli, ushuru na faida kichwani, bila ya kalamu, huku akizungumza na wateja watatu. Hakuna anayemwambia kwamba hesabu si zake, kwa sababu hapo hesabu zinaleta chakula nyumbani.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Profesa Esther Mwaikambo alihitimu udaktari mwaka 1969 akawa daktari wa kwanza mwanamke wa Tanzania. Profesa Verdiana Masanja alikuwa Mtanzania wa kwanza mwanamke kupata shahada ya uzamivu katika hisabati, aliyoisomea Ujerumani. Na katika Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyopo Tengeru, upande huo huo wa mashariki ya jiji letu, Profesa Hulda Swai ameongoza utafiti wa dawa zinazotengenezwa kwa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Laiti wazazi wao wangepima vichwa kwanza, taifa lingewakosa.

Dini inasemaje

Sasa tuje katika hadithi inayotajwa mara kwa mara. Imepokewa kwa Abu Said al-Khudri (R.A.) na imo katika Sahihi Bukhari. Ndani yake Mtume (S.A.W.), siku ya Idi, aliwahimiza wanawake watoe sadaka, akataja upungufu wa akili na wa dini. Wanawake hawakunyamaza, waliuliza maana yake, naye akawaeleza mwenyewe: huo wa akili ni suala la ushahidi, na huo wa dini ni kuacha kwake sala na saumu wakati wa hedhi.

Tuzingatie mambo mawili. La kwanza, Mtume (S.A.W.) hakutaja ubongo, wala fuvu, wala uwezo wa kusoma. Aliufasiri upungufu huo kwa hukumu maalumu. La pili, mwanamke anayeacha sala akiwa katika hedhi hapati dhambi, bali anatii amri ya Mola wake. Hakuna mwanachuoni aliyesema kwamba kwa ajili hiyo uchamungu wake ni nusu ya wa mwanamume. Ikiwa upungufu wa dini una mipaka yake, vipi upungufu wa akili uliotajwa katika sentensi hiyo hiyo ufanywe kuwa hauna mipaka?

Hukumu ya ushahidi inayokusudiwa imo katika Suratul Baqara aya ya 282, inayohusu kuandikiana madeni, na aya yenyewe inataja sababu: mmoja akisahau, mwenzake amkumbushe. Ibnul Qayyim, akimnukuu mwalimu wake Ibn Taymiyya, ameeleza kwamba mahali ambapo kusahau huko hakuogopwi, ushahidi wa mwanamke hauwi nusu ya ule wa mwanamume. Na katika kupokea hadithi, ambayo ndiyo amana kubwa kuliko deni la fedha, Umma haukuweka idadi mbili kwa mwanamke. Hadithi 2,210 zimepokewa kwa Bi. Aisha (R.A.) peke yake, na masahaba wakubwa walikuwa wakimwendea kuuliza fiqhi. Imamu Dhahabi, bingwa wa kuchambua wapokezi, ameandika kwamba hakumjua mwanamke aliyetuhumiwa kuzua hadithi. Huko Makka, katika karne ya 5 Hijria, Bi. Karima al-Marwaziyya alikuwa akiisomesha Sahihi Bukhari, na al-Khatib al-Baghdadi, mwanachuoni mashuhuri wa Baghdad, alikaa mbele yake akaisoma kwake.

Tukumbuke pia Hudaibiya, mwaka wa 6 Hijria. Masahaba walikuwa wamejawa na huzuni, wakachelewa kutekeleza amri ya kuchinja na kunyoa. Ushauri uliolitatua jambo hilo ulitoka kwa mkewe Mtume, Bi. Ummu Salama (R.A.): atoke yeye mwenyewe, asiseme na mtu, achinje na anyoe. Mtume (S.A.W.) aliufuata ushauri huo, na watu wakamfuata.

Aidha, katika Qur'ani tukufu shina la neno "akili" limekuja mara 49, na mara zote ni kitenzi. Halikuja hata mara moja kama jina la kitu kilichowekwa ndani ya kichwa. Kwa maana hiyo, akili ni kazi inayofanywa. Ni kutafakari, kufunga jambo kwa jambo na kujizuia na upotovu. Na Mwenyezi Mungu katika Suratul Munafiqun ametutahadharisha na watu ambao miili yao inapendeza kuitazama, kumbe ni kama magogo yaliyoegemezwa ukutani.

Yanayoudhuru ubongo kweli

Wakati tunashughulika na gramu alizozaliwa nazo binti, yapo mambo yanayoudhuru ubongo wa watoto wetu wote, wa kike na wa kiume, ambayo tunayapita bila kuyatazama.

Maeneo mengi yanayouzunguka Mlima Meru yana maji yenye floridi nyingi itokanayo na miamba ya volkano. Sote tunayajua meno ya kahawia ya watu wa huku, na tumewaona waliopinda mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita. Kwa miaka mingi kiwango cha Tanzania kilikuwa 4, kabla ya kuteremshwa hadi 1.5. Mwaka 2024 taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza sumu ilihitimisha, kwa uhakika wa kati, kwamba maji yenye floridi zaidi ya miligramu 1.5 yanahusiana na alama za chini za akili kwa watoto. Magadi tunayotia katika makande nayo huongeza floridi. Kituo cha Ngurdoto kimekuwa kikitafiti njia za kuipunguza, ikiwemo kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa.

Upo pia upungufu wa madini joto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulidai kwamba watoto wa Tanzania ambao mama zao walipewa vidonge vya madini joto wakiwa wajawazito walisoma muda mrefu zaidi, na faida ilikuwa kubwa kwa wasichana. Watafiti wengine waliourudia mwaka 2020 hawakulipata tokeo hilo kwa uthabiti. Lakini kwamba ukosefu mkubwa wa madini hayo tumboni huharibu ubongo wa mtoto, hilo halina ubishi, na chumvi yenye madini joto ndiyo kinga. Hali kadhalika, takwimu za taifa za 2015-16 zilionesha kwamba wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Msichana mwenye upungufu wa damu huchoka na hushindwa kuzingatia darasani. Akifeli, tunamlaumu fuvu, kumbe alikosa mboga za majani, maharage na nyama.

Ndugu wazazi wa Moshono na kwingineko, tunalowausia ni jepesi kulieleza. Kazi za jioni zigawanywe kwa haki, ili binti naye apate saa yake ya daftari. Maji ya kunywa yaulizwe yanatoka chanzo gani. Chumvi iwe yenye madini joto, na sahani ya msichana isiwe ya mwisho kupakuliwa. Anayechagua masomo ya sayansi apimwe kwa juhudi na alama zake, awe Ali au awe Asha. Katika darsa zetu wanawake wasikae nyuma ya pazia wasikosikia. Wapewe nafasi ya kuuliza, kama walivyouliza wale wa siku ile ya Idi wakajibiwa.

Kila mmoja wetu ataulizwa juu ya wale aliokabidhiwa kuwachunga. Hatutaulizwa vichwa vyao vilikuwa na gramu ngapi, kwani hilo si amali yetu. Tutaulizwa tuliwafundisha nini, na ni mlango gani tuliwafungia.

Wabillahi tawfiq.